Kitabu Nilichoogopa Kukiuliza kwa Sauti

Februari 2023 mwalimu mkuu wetu aliniita ofisini akaniambia wazazi wamechanga shilingi 400,000 za kuanzisha klabu ya kusoma ya Kiswahili, na kwamba muhula wa pili ukianza angependa kuona kabati lenye vitabu. Nikaongeza 300,000 zangu, akiba niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya mlango wa chuma nyumbani. Ilipofika Juni nilikuwa nimebakiwa na 154,000, na kabatini mlikuwa na vitabu viwili tu ambavyo mtoto angeweza kuvisoma kwa hiari yake. Nawaandikia walimu wenzangu wa Kiswahili hapa Uganda, na kila anayetaka kusoma Kiswahili akaanza kwa kushika simu kama nilivyoanza mimi.

Mtaala mpya wa 2020 ulipokifanya Kiswahili somo la lazima kidato cha kwanza na cha pili, na Baraza la Mawaziri lilipokipitisha kuwa lugha rasmi Julai 2022, vitabu vya kiada vilianza kuonekana. Vya kusoma kwa raha havikuja navyo. Mtoto anajua ngeli za nomino zote lakini hajawahi kukesha na hadithi ya Kiswahili. Pengo hilo ndilo nililotaka kuliziba.

Kwa nini sikwenda dukani tangu mwanzo? Nilizaliwa Bombo, mji wa kambi ya jeshi na wa sisi Wanubi, wazao wa askari waliotoka Sudan. Nyumbani tulisema Kinubi, nje Kiswahili cha kambini. Nilipohamia Kampala kusoma nilijifunza haraka kwamba Kiswahili changu kinawashtua watu. Idi Amin, akiwa rais wa kijeshi, alikitangaza kuwa lugha ya taifa 1973, na kwa wazee wengi wa hapa masikio yao hayajasahau askari waliosikika wakikisema usiku, wakigonga milango. Niliwahi kuzungumza na mama yangu kwa simu ndani ya taksi, na mwanamke aliyeketi karibu nami akaukumbatia mkoba wake. Kwa hiyo kuingia duka la vitabu katikati ya mji na kuuliza kwa sauti, "Vitabu vya Kiswahili viko wapi?" kulikuwa mzigo kwangu, japo mimi ni mwalimu wa somo hilohilo. Kwenye simu hakuna anayekusikia. Ukweli wenyewe ni huo, na umenigharimu zaidi ya nusu ya fedha.

Nilianza kutafuta usiku, watoto wakishalala. Niliandika "riwaya za Kiswahili", "hadithi fupi za Kiswahili", "vitabu vizuri vya Kiswahili". Yaliyokuja yalikuwa yaleyale: vitabu teule vya mitihani ya Kenya na Tanzania, miongozo yake, na miongozo ya miongozo. Nikibonyeza kimoja naletewa wenzake, kwa kuwa ndivyo vinavyotafutwa na wengi. Wiki tatu nilizunguka humo huku bando likiisha, na bando letu tangu Julai 2021 lina kodi ya asilimia 12 juu yake. Makundi ya wasomaji niliyosikia yanasifiwa yalikuwa Facebook, ambayo ilifungwa nchini Januari 2021, kwa hiyo kuyafikia kulitaka VPN, programu ya kukwepa kizuizi hicho, na VPN nayo inakula bando.

Ilinichukua muda kuelewa kilichokuwa kinanishinda. Kisanduku cha kutafutia kinataka neno, nami sikuwa nalo. Kiswahili changu nilikipata kwa masikio. Sikuwa na majina ya waandishi kichwani wala majina ya mashirika ya uchapishaji, na sikuwa na mjomba aliyeacha rafu ya vitabu. Anayejua anachokitaka, intaneti humtumikia vizuri sana. Mimi nilikuwa natafuta nisichokijua.

Mwishowe niliagiza vitabu sita kwenye tovuti ya ng'ambo ya vitabu vilivyotumika. Bei yake ilikuwa dola 38, na usafirishaji dola 61. Kwa jumla zilikuwa kama shilingi 366,000. Vilifika baada ya wiki tisa. Nilivifungua mezani jikoni, mume wangu akitazama. Viwili vilikuwa vya kuwafundisha Wazungu Kiswahili cha sokoni na hotelini. Kimoja kilikuwa kijitabu cha kilimo cha migomba, ambacho jina lake lilinidanganya nikadhani ni hadithi. Cha nne kilikuwa Kamusi ya Kiswahili Sanifu, nami nilitaka toleo la tatu la 2013, lakini kilichokuja ni toleo la kwanza la 1981. Picha ya jalada niliiona kabla ya kulipa, nikashindwa tu kuuliza ni toleo la mwaka gani. Viwili vilivyobaki vilikuwa riwaya nzuri, na ndivyo hivyo vilivyokuwa kabatini Juni.

Katikati ya kungoja nikafanya kosa la pili. Mtu mmoja katika kundi la WhatsApp alituma picha za vitabu vipya vimepangwa vizuri, akisema yuko mjini na atavituma kwa basi au bodaboda. Nilimtumia 180,000 kwa simu. Asubuhi yake picha yake ilikuwa imetoweka na ujumbe wangu ukabaki na alama moja. Nililia, si kwa sababu ya pesa peke yake, bali kwa sababu zilikuwa za wazazi, na mmoja wao namjua anauza mkaa. Zile nilizirudisha mwenyewe kwa miezi miwili bila kumwambia mtu. Sasa muuzaji nisiyemjua namwomba jambo moja kabla ya yote: aweke kitabu ninachokitaka mezani, juu yake karatasi yenye tarehe ya leo na jina langu, akipige picha. Mwenye kitabu hufanya hivyo kwa dakika mbili. Asiye nacho hukasirika.

Kuna na suala la PDF. Katika kundi la walimu kulikuwa na mafaili mengi ya vitabu, yanarushwa kama salamu za asubuhi. Niliyapakua mengi, nikasoma robo ya kimoja. Shuleni kwetu wanafunzi hawaruhusiwi simu, kwa hiyo ingebidi kuchapa. Nikapiga hesabu: kurasa 160 kwa shilingi 100 ukurasa ni 16,000. Kitabu chenyewe dukani, nilikuja kujua baadaye, kilikuwa 20,000. Kwa tofauti ya 4,000 ningempokonya mwandishi jasho lake, na sheria yetu ya hakimiliki ya 2006 inamlinda. Niliyafuta yote. Najua wenzangu wengi hawakubaliani nami katika hili, na najua shule nyingine hazina hata hizo 16,000. Hata hivyo, hatuwezi kulalamika kwamba Waswahili hawaandiki huku tukiwanyima hata senti waandikapo.

Nilienda dukani kwa mara ya kwanza Jumamosi moja ya Juni, barabara ya Kampala. Nilivaa vizuri. Kijana mmoja alikuja kunisaidia, nikamuuliza kwa Kiingereza wana vitabu gani vya lugha. Akanionyesha rafu: Kifaransa, Kijerumani, Kichina. Nilitazama dakika kumi kama mtu anayetaka kujifunza Kijerumani, nikatoka. Neno Kiswahili halikunitoka kinywani. Nauli na chakula vilikula 14,000, nikarudi nyumbani mikono mitupu.

Wiki iliyofuata nilirudi. Safari hii alikuwepo binti, nikamwambia kwa Kiswahili, kwa sauti iliyotoka kubwa kuliko nilivyokusudia: "Habari za kazi, dada. Natafuta vitabu vya Kiswahili. Hadithi, si vya shule." Watu wawili waligeuka. Binti akatabasamu akajibu kwa Kiswahili safi, "Karibu, mwalimu. Viko kule nyuma, chini ya Kifaransa. Itabidi uiname kidogo." Sikumwambia mimi ni mwalimu. Baadaye alinieleza kwamba wanaouliza Kiswahili ni walimu tu, na wote huuliza kwa kunong'ona.

Nilipiga magoti sakafuni. Rafu ya chini kabisa, upana wa mikono miwili, vumbi juu ya vitabu na migongo iliyopauka kwa jua la dirishani. Kwenye kimoja kibandiko cha bei kilikuwa kimebandikwa juu ya kingine, na hicho juu ya kingine: 12,000, 17,000, 20,000, mtu angeweza kusoma miaka kilichokaa pale. Nilivitoa kimoja kimoja. Katika saa ile moja niliona majina ya waandishi mengi kuliko niliyoyaona kwa wiki tatu za simu, maana jicho halihitaji kujua neno la kutafuta. Nilikuja na hamu ya riwaya, nikashika tamthilia, kando yake hadithi za vijana zilizoandikwa kwa Kiswahili chepesi ambacho mtoto wa Luwero angekielewa.

Siku hiyo nilijifunza kusoma kitabu kabla ya kukinunua. Nasoma ukurasa wa kwanza, halafu nafungua katikati popote na kusoma mwingine, kwa sababu ukurasa wa kwanza mwandishi ameusugua mara ishirini, wa katikati ndio unaokuambia kama ataishika pumzi hadi mwisho. Kisha nageuza nyuma ya ukurasa wa jina, palipo mwaka, toleo na mchapishaji. Ile namba ndefu ya ISBN, inayotambulisha kila kitabu, nayo inasema: ikianza na 9966 kitabu kimetoka Kenya, 9976 au 9987 Tanzania, 9970 hapa kwetu Uganda. Vipya hutanguliwa na 978. Hili lilinifaa sana nilipokuja kuwasaka wachapishaji.

Hazina kubwa kuliko zote lakini ilikuwa kurasa za mwisho, zile ambazo watu huziruka. Wachapishaji wengi huorodhesha humo vitabu vyao vingine vya mfululizo uleule. Nilikaa pale na kalamu nikanakili majina 31. Nilimwomba binti ruhusa kwanza, kwa sababu si uungwana kugeuza duka la mtu kuwa maktaba kisha ukaenda kununua kwingine. Nilinunua vitatu. Jioni ile nilipofungua simu, kile kisanduku kilikuwa na kazi ya kufanya: nilikuwa na majina, nikaangalia kipi bado kinachapishwa, nani anakiuza, kwa bei gani. Tangu hapo mpangilio wangu ni huo. Naanza kwa mkono na jicho dukani, simu inafuata nyuma.

Duka nalo lina mitego yake. Kimoja kati ya vile vitatu nilikisoma kitandani kwa hamu hadi ukurasa wa 96. Uliofuata ulikuwa wa 113. Nilidhani zimegandana, nikazipuliza. Hazikuwepo. Vitabu huchapwa kwenye karatasi kubwa inayokunjwa, na mara nyingi mkunjo mmoja hutoa kurasa 16; mkunjo mmoja ulikuwa umeachwa wakati wa kushona. Risiti nilikuwa nimeitupa. Niliporudi hawakuweza kunibadilishia, na siwalaumu. Siku hizi napitisha kidole gumba kwenye kurasa zote pale pale kaunta kabla sijalipa, na risiti inakaa ndani ya jalada mpaka nimalize kusoma.

Jirani na mtaa wa Nasser, kule kwa wachapaji, nilimpata mzee Mkongomani anayepanga vitabu vya mitumba juu ya turubai. Aliponisikia nikiongea kwa simu aliniita: "Mama mwalimu, bitabu bya Kiswahili biko huku chini." Huyu pia alijua ni mwalimu. Alisogeza rundo la vitabu vya hesabu na majarida ya zamani, akanitolea diwani moja ya mashairi iliyokosa jalada la nyuma. Kwenye ukurasa wa kwanza mtu alikuwa ameandika kwa wino wa bluu, herufi za kulala: "Jinja, 1974." Niliishika nikashindwa kusema. Mwaka mmoja baada ya tangazo la Amin, wakati lugha hii ilipokuwa inatisha, kulikuwa na mtu Jinja aliyenunua mashairi yake na kuyaandikia mji na mwaka, kama mtu anavyoandika kwenye kitu anachokipenda. Mzee alitaka 5,000. Nilimpa bila kushusha bei. Sijui ni tovuti gani ingenipeleka pale.

Agosti ile tulikuwa na arusi ya binti wa shangazi yangu, Kibera, kwa Wanubi wenzetu wa Nairobi. Nilienda kwa basi la usiku kupitia Busia, kwa kitambulisho cha taifa tu. Siku moja baada ya arusi nilikwenda kwenye meza za barabarani katikati ya mji, zile wanazoziita inama, kwa kuwa vitabu viko chini na mnunuzi sharti ainame. Niliinama tangu saa nne asubuhi hadi adhuhuri. Nilikuwa na ile orodha yangu mkononi na nikapata vitabu 23 kwa shilingi 6,900 za Kenya, kwetu kama 180,000. Nauli ya kwenda na kurudi ilikuwa 200,000. Kwa hiyo usifunge safari ya Nairobi kwa ajili ya vitabu peke yake, itakuwa hasara. Ukiwa na arusi, matanga au mkutano, beba begi tupu. Kwenye basi la kurudi nililala nimeweka miguu juu ya vitabu, na furaha niliyokuwa nayo sikumbuki kuipata tangu nilipojifungua mtoto wangu wa mwisho.

Jambo lililonichelewea kuliko yote nililielewa Oktoba. Nilikuwa nimezoea kupita dukani kila nikienda mjini, hata bila pesa, na kila mara nauliza kwa Kiswahili. Siku moja yule binti alinionyesha daftari. Kila mteja akiuliza kitabu kisichokuwepo, anakiandika. Meneja akiagiza mzigo kutoka Nairobi analitazama daftari. Chini ya Kiswahili, kwa miezi mingi, palikuwa patupu. Kuanzia Juni palikuwa na maombi yangu, na chini yake ya watu wengine wanne. "Watu wanasema hatuleti," aliniambia, "lakini mwalimu, hamuulizi." Nilikaa na maneno hayo njia nzima hadi Wakiso. Miaka yote tuliyonong'ona na kukimbilia kwenye simu, daftari lile lilikuwa linashuhudia kwamba hatupo.

Najua mwalimu aliye Kotido au Adjumani atasema haya ni ya watu wa Kampala. Ana haki. Kwake simu ndiyo duka, basi aitumie kama duka. Mpigie muuzaji, usimwandikie tu. Mwombe picha ya ukurasa wa kwanza, wa katikati, na ule wa nyuma ya jina. Waandikie wachapishaji moja kwa moja na uulize nani anawasambazia Uganda. Kama muuzaji atakubali, lipa nusu, na nusu nyingine ukishaona namba ya risiti ya kifurushi cha basi. Na ukija Kampala kwa semina, toa saa mbili uende dukani ukaulize, kwa sauti, kwa Kiswahili.

Januari 2024 rafu ilikuwa imepandishwa, sasa iko usawa wa kifua. Ni ndogo bado. Kabati la shule lina vitabu 58, tisa vimepotea, na nimeamua kuamini kwamba vinasomwa mahali.

Mwezi uliopita msichana wa kidato cha pili, wa kabila la Waganda, ambaye nyumbani kwao hakuna anayejua Kiswahili, alikuja darasani na kitabu ambacho sijawahi kukiona wala hakimo kwenye orodha yangu. Alipewa 15,000 na shangazi yake, akaenda mjini naye, akauliza mwenyewe. Nikamuuliza aliuliza vipi. "Nilisema kama unavyosema, Mwalimu. Kwa nguvu." Nimemwomba nikisome. Amenipa hadi Ijumaa, na ameandika jina langu nyuma ya daftari lake ili asisahau nani anacho. Niko ukurasa wa 41.